Urefu wa Boriti

Watoto wa shule wakipanda kilima nyuma ya Mtongani
huuliza kwanza mizinga iko wapi.
Nawaambia hapakuwa na mizinga.
Palikuwa na ukuta, na kisima, na mtu mwenye hofu.
Wanaandika "hofu" madaftarini.
Mwalimu wao ananitazama kwa jicho la pembeni.

Mimi ni mshika futi. Miaka kumi na tisa
nimeshika ncha ya sifuri,
wenye shahada wakishika ncha ya kusoma.
Ukuta huu naujua kwa kiganja:
matumbawe ya nchi kavu huku chini, magumu, yanakula patasi;
na yale ya baharini, yaliyochongwa yangali mabichi,
laini kama muhogo uliochemka,
hayo ni ya mlango na ya kibla.
Katikati chokaa. Ukiilamba bado ina ukali.
Nimeilamba. Haimo kwenye ripoti.

Ila vyumba ni vyembamba.
Mikono sita. Sita na kitu. Sita kasoro shubiri.
Ngome nzima, minara miwili, zidaka za kuwekea bakuli za Uchina,
na hakuna ukumbi wa kutandika mikeka minne kwa upana.

Bi Riziki Pazi, anayetupikia kambini, ana kisa chake:
Mwinyi Shebwana alitaka ukumbi mpana kama jina lake.
Fundi akaingia mikokoni siku tatu,
akatoka na matope kiunoni na boriti begani,
akaibwaga miguuni pa bwana.
"Jina lako ni refu," akasema, "mti ndio huu."
Bwana akaukanyaga kwa hatua, mwanzo hadi mwisho,
akarudi, akaukanyaga tena.
Akajengewa mikono sita.
Bi Riziki hukibadilisha kisa kila wali ukichelewa,
lakini boriti haijawahi kurefuka.

Saa saba mchana, ng'ambo ya bonde, wanalipua.
Jiwe lile lile, tumbo moja na hili letu,
linasagwa liwe saruji.
Vumbi linatua zidakani, palipokaa bakuli.
Ufa wa mnara wa kaskazini
mwaka juzi milimita nne, mwaka huu saba.
Nani nimlaumu? Nyumba yangu ni ya matofali ya saruji.

Mwaka huu tumechora lango.
Mwimo wa kulia upo, una mchongo wa kamba iliyosokotwa.
Kizingiti cha chini hakipo.
Nikapima pengo lake: mkono mmoja na robo tatu.
Viganja vikaanza kutoka jasho
kabla kichwa hakijajua kwa nini.

Nyumbani, mlango wa uani,
mama hukalia jiwe akichambua mchele.
Marehemu baba alilileta kwa toroli
mwaka ule wa mvua, maji yalipotuingilia hadi kitandani.
Hatukuuliza. Maji hayakuingia tena.
Kwenye kamba yake nilijifunza kuhesabu,
kidole juu ya kila msokoto, hadi ishirini na mbili,
kisha upembe uliovunjika.

Nikapima usiku, tochi mdomoni.
"Unampimia nani kaburi?" mama akauliza.
Nikamwambia fundi anataka vipimo vya mlango.
Hakuinuka. Alisogea kidogo tu,
futi ikapita chini ya kanga yake.
Mkono mmoja na robo tatu.

Fomu ina safu mbili. *Kipande:* kizingiti.
*Hali:* hapo kalamu ikakauka.
Nikaipuliza, nikaikwaruza kiganjani,
nikaandika: kinatumika.

Daktari Ngonyani akavua miwani.
"Kinatumika wapi, Mwalami?"
Nikatazama saa. Saba kasoro dakika moja.
Nikangoja mlipuko unijibie.

Siku hiyo hawakulipua.